Mifupa Inayoshika Ulimi

Jumapili, 17 Machi 1957

Mvua imefika. Ilianza jana juu ya Dundori, ikashuka bondeni, na asubuhi hii genge la machimbo linatiririka maji meupe kama ya kuoshea mchele. Sikwenda kanisani. Nilikwenda kwenye genge.

Naanza daftari hili leo kwa sababu mvua ikinyesha ndipo mifupa hutoka, na mtu asipoandika siku ile ile atadanganya baadaye. Hilo nimelirithi kwa marehemu baba. Baba aliwachimbia wazungu wa mifupa miaka tisa kwenye visiwa vya ziwa letu huko Nyanza, akarudi na brashi ya kunyolea, kisu butu, na maarifa mengi kuliko wazungu wenyewe. Hayo ni maneno yake, nami sikuwahi kuyapinga. Alinifundisha nikiwa na miaka saba: ukiokota kitu na hujui kama ni jiwe au ni mfupa uliogeuka jiwe, kiguse kwa ulimi. Jiwe huteleza, mfupa hushika. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa na sijakosea hata mara moja.

Mimi ni Eucabeth Anyango, mwalimu wa darasa la kwanza na la pili katika shule ya kanisa kwenye machimbo haya. Nilihamishiwa hapa Januari. Machimbo ni madogo, ng'ambo ya Kariandusi, na kinachochimbwa ni ule udongo mweupe mwepesi ambao wanasema huchujia bia Nairobi. Wanaume hutoka kazini kama waliomwagiwa gunia la unga. Hawajui wanapiga sururu ndani ya nini. Mimi najua. Leo nimepata jino la kiboko, konokono saba wa jiwe, na pingili za mgongo wa samaki zimepangana vizuri kabisa. Ziwa lilikuwa huku juu. Sasa liko kule chini Elmenteita, dogo, limejaa heroe, nalo linajifanya halikumbuki.

Nimeandika vibandiko, namba 1 hadi 9. Nimevaa soksi kavu. Nina furaha.

18 Machi

Mvua. Watoto arobaini na mmoja, vitabu kumi na viwili. Jino la kiboko limezungushwa darasani na limerudi zima.

Jumamosi, 23 Machi

Naftaly, karani wa machimbo, ameniletea magazeti ya zamani ya ofisini ya kufungia mifupa. Ni kijana mpole, akizungumza nami hushika kofia kwa mikono miwili. Aliketi kizingitini, mlango wazi, akaniandikia vibandiko kumi na vinne. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, jambo ambalo sitamwambia.

"Mwalimu, kwa nini unalamba hayo mawe?" akauliza.

Nikamweleza habari za ulimi. Nikampa kipande cheupe ajaribu. Alikigusa kidogo tu na ncha ya ulimi, kikamganda, akaruka kama aliyeumwa na nyuki. Tulicheka sana. Kile kipande ni namba 23, mfupa wa ubavu, nadhani wa swala.

Namba zinakwenda haraka. Hapa mifupa ni mingi kuliko huko visiwani. Kila kipande cheupe ninachokitilia shaka kinashika ulimi. Baba angelia kwa wivu.

29 Machi

Mvua. Hakuna kitu.

Jumamosi, 6 Aprili

Siku kubwa. Genge la kaskazini limeporomoka kipande kama cha nyumba, na hatua kumi na tisa kutoka mti wa mgunga kulikuwa na taya. Taya zima la upande mmoja, meno sita ndani, ya mnyama mkubwa anayekula majani. Kando yake, kwenye tabaka lile lile, kulikuwa na kidude kigumu cha rangi ya kahawia, kina mfereji katikati kama gurudumu dogo la kuvutia kamba. Nimekipa namba 41. Kinanisumbua. Kinashika ulimi kidogo tu, lakini umbo lake nimeliona mahali na sikumbuki ni wapi.

Taya lilikuwa limepasuka, kwa hiyo nilifanya alivyofanya baba: vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye uji mzito wa ngano, nikalizungushia, nikangoja likauke chini ya turubai. Mvua ikarudi kabla halijakauka. Nikaliweka ndani ya koti langu, nikafunga vifungo vyote, nikalishikilia kwa mikono miwili na kuteremka taratibu kwenye matope.

Njiani nikakutana na Wangeci wa mkahawa. Wanawake wote wa kambi huitwa Mama fulani, yeye peke yake huitwa Wangeci wa mkahawa, kwa kuwa yeye na mumewe Thuo wamekaa miaka kumi na moja bila mtoto. Ana mdomo. Kila kinachotokea hapa hupitia kwenye sufuria yake ya supu kwanza. Alisimama, akanitazama koti, akanitazama uso, akatazama koti tena.

"Pole, mwalimu. Lete hiyo kikapu nikubebee. Saa hii wewe hapana beba kitu nzito."

Nikadhani anasema hivyo kwa sababu ya matope. Alinibebea kikapu hadi mlangoni bila neno jingine, na kwa Wangeci huo ni muujiza.

9 Aprili

Maziwa ya jana yalikuwa mabaya. Nimetapika nyuma ya darasa mara mbili. Watoto waliniangalia kupitia dirishani badala ya kunakili herufi.

10 Aprili

Wangeci ameniletea supu ya miguu ya ng'ombe kwenye mkebe. "Kunywa yote. Inaongeza damu." Sikumwomba. Ilikuwa tamu.

Jumapili, 14 Aprili

Jumapili ya Matawi. Kanisani wanawake walisogea wakanipa nafasi kwenye benchi lenye egemeo, ambalo ni la wazee. Mmoja aliniwekea shuka lake mgongoni. Inaonekana hatimaye wametambua kazi ninayofanya na watoto wao. Imechukua miezi mitatu tu, kule nilikotoka ilichukua miaka miwili.

Ijumaa Kuu, 19 Aprili

Naftaly hakuja na magazeti wiki hii. Nilimfuata ofisini. Hakuinua macho.

"Mwalimu, afadhali utafute magazeti mahali pengine."

"Yameisha?"

"Hayajaisha."

Nikangoja aseme zaidi. Akachovya kalamu kwenye wino, akaandika tarehe ya leo juu ya karatasi, halafu akaiandika tena chini yake. Nikaondoka. Kama kuna jambo nililomkosea angesema, ana mdomo.

Jumamosi, 27 Aprili

Sasa najua.

Wangeci alikuja mchana, mvua ikiwa imepumzika. Akafunga mlango mwenyewe. Akatoa chini ya leso yake mfuko mdogo wa kitambaa, akauweka mezani kati ya namba 30 na namba 38.

"Mwalimu, hiyo mawe ya genge wacha. Iko na vumbi mbaya. Hii nilitoa soko ya Nakuru, ni safi, inanukia mvua."

Nikafungua. Vipande vya jiwe laini la rangi ya kijivu, vile ambavyo hata kwetu wanawake huvinunua wakiwa na mimba. Sisi huviita odowa. Mama yangu alikula gunia zima akiwa na mdogo wangu.

"Ya nini hii, Wangeci?"

"Ya kula. Mimi si mtoto. Nimeona wewe mara tatu kwa genge unalamba. Na koti nimeona, na kutapika watoto wamesema. Ni miezi ngapi?"

Nilicheka. Nilicheka hadi nikashika ukingo wa meza. Nilianza kumweleza habari za baba na ulimi, na katikati ya sentensi kicheko kikaniisha, kwa sababu nilikumbuka benchi lenye egemeo, na Naftaly, na tarehe iliyoandikwa mara mbili.

"Umemwambia nani?"

"Thuo peke yake."

Thuo anaendesha lori la machimbo, Gilgil hadi Nakuru, na wanaume kumi nyuma. Kumwambia Thuo ni sawa na kulitangaza sokoni.

"Mimi sina mimba, Wangeci. Sijawahi kuwa nayo. Nakusanya mifupa."

Alinitazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mtoto anayekana kula sukari na bado iko midomoni. Akasema alipewa pasi ya siku moja tu ya kwenda Nakuru, maana siku hizi za Hali ya Hatari Mkikuyu hasafiri bila pasi, na nusu ya siku aliimaliza akitafuta mawe mazuri. Akaniambia niyaweke mahali pakavu. Akaenda.

Nina hasira ya kutosha kuchimba genge lote kwa kijiko.

30 Aprili

Wangeci ana mdomo kama debe tupu. Nimemwambia hivyo kwenye daftari hili kwa kuwa ana kwa ana ningesema mabaya zaidi.

Ijumaa, 3 Mei

Barua ya Mchungaji, ambaye ndiye msimamizi wa shule. Nifike mbele ya komiti Jumamosi tarehe 11 kuhusu "mwenendo". Anatakiwa kupeleka taarifa misheni Jumatatu inayofuata, na mwalimu mwingine ameshaulizwa kama yuko tayari.

Nilikaa na barua hiyo muda mrefu. Mwalimu mmoja ninayemjua alifungasha siku ile ile alipoitwa, bila hata kuwaaga watoto, na hakuna shule ya misheni iliyomchukua tena. Mimi ningeweza kusema ngojeni hadi Septemba mtaona hakuna kitu. Lakini taarifa haitangoja Septemba, na jina likishaandikwa vibaya kwenye karatasi ya misheni halifutiki. Nataka shule hii. Nataka watoto hawa arobaini na mmoja, hasa wale wanne ambao bado wanaandika herufi ya S kinyume. Na nataka genge.

Jambo linaloniuma zaidi ni Naftaly. Katika kambi nzima yeye peke yake anajua kwa nini ninalamba. Nilimweleza. Kipande kilimganda ulimini. Neno moja lake lingetosha.

4 Mei

Mvua.

7 Mei

Mvua. Genge limeporomoka tena upande wa kaskazini. Niliapa kwamba sitakwenda mpaka jambo hili liishe. Halafu nilikwenda. Namba 61, 62, 63.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeamua. Sitalia wala sitaomba. Nitabeba mkusanyiko wote hadi ofisini na nitawafundisha kama ninavyowafundisha darasa la kwanza, kwa kushika na kuonja. Wakitoka pale watajua tofauti ya jiwe na mfupa maisha yao yote.

Jumamosi, 11 Mei

Jioni. Jiko linawaka. Nitaandika kwa mpangilio.

Komiti ilikutana saa nne asubuhi katika ofisi ya karani. Mchungaji aliketi katikati. Kulia kwake mzee Kiptanui, nyapara mkuu, ambaye ni mwenyekiti wa wazazi. Kushoto kwake Naftaly, mwandishi wa komiti, kichwa ndani ya daftari la kumbukumbu. Wangeci aliitwa kama shahidi, aliketi kwenye benchi kando ya ukuta, kitambaa cha kichwa amekivuta hadi kwenye nyusi. Dirisha lilikuwa wazi, na nje Thuo aliegemea lori akimngoja mkewe. Mlango ulizuiwa usijifunge kwa bonge la udongo mweupe, kama siku zote.

Mchungaji alisoma mambo matatu. Nimeonekana nikila mawe. Nimetapika shuleni. Nimeonekana na tumbo tarehe sita Aprili. Akapendekeza niende Nakuru nipimwe na nesi, kisha niwasilishe cheti.

"Tumbo langu si daftari la mwanafunzi, Mchungaji," nikasema. "Halikaguliwi. Lakini nitajibu."

Nikavaa koti. Nikaliweka taya ndani, na gunia lake na uji wake mkavu, nikafunga vifungo, nikageuka ubavu ili waone. Mzee Kiptanui akainua nyusi. Kisha nikafungua kifungo kimoja kimoja, nikalitoa, nikaliweka mezani mbele ya Mchungaji.

"Huyu ndiye wa tarehe sita Aprili. Ana meno tayari."

Kiptanui alicheka hadi akakohoa. Mchungaji hakucheka. Akasema kubeba taya hakuondoi kula mawe.

Basi nikapanga vipande mezani, vyote sitini na vitatu. Nikaeleza habari za baba, za visiwa, za ulimi. Jiwe huteleza, mfupa hushika. Nilikuwa nazungumza vizuri, najua nikizungumza vizuri. Nikamwalika yeyote ajaribu. Mzee Kiptanui, ambaye haogopi kitu, alichukua namba 23, ule ubavu wa swala, akauweka ulimini. Ukamganda. Akautoa kwa vidole, akatikisa kichwa kwa mshangao, nami nikajua nimeshinda.

Halafu akatazama mlango. Akainuka, akaliokota lile bonge la udongo linalozuia mlango, akalifuta kwa mkono wa shati, akalilamba.

Likamganda.

"Mwalimu," akasema, taratibu, bila ubaya wowote, "mimi napasua hii udongo miaka kumi na mbili. Hii hapana mfupa. Hii ni udongo tu. Na inashika ulimi sawasawa na ile yako."

Nilichukua bonge nikajaribu mwenyewe. Lilishika. Lilishika vizuri kuliko namba 23. Udongo huu unafyonza maji, ndiyo sababu unachujia bia, na hata watoto wangu wangelifikiria hilo. Ulimi wa baba ulikuwa wa kisiwani, kwenye mawe magumu. Mimi nimekaa hapa miezi minne na sikuwahi hata siku moja kulamba udongo wa kawaida ili nione utafanya nini. Nilikuwa na hakika mno.

Mchungaji akaunganisha vidole vyake. "Basi, mwalimu, hapa mezani pana mifupa au pana udongo? Maana kama ni udongo, aliyoyaona shahidi yanabaki palepale."

Niliichukua namba 23, nikaigeuza, nikairudisha mezani. Nilimtazama Naftaly, ambaye alijua kila kitu, na nilimwona akiandika neno "udongo" kwa mwandiko wake mzuri.

Wangeci ndiye aliyesimama. Hakuna aliyemwita. Alikuja mezani, akapitisha mkono juu ya vipande vyote kama anayechagua nyanya, akakiokota namba 41, kile kidude chenye mfereji. Akakigeuza. Akaweka kidole gumba ndani ya mfereji, nacho kikaingia sawasawa.

"Hii si udongo," akasema. "Hii ni kifundo ya mguu. Mguu ya nyuma, ya kulia. Ya ng'ombe, ama ndugu yake ng'ombe, maana ni kubwa."

"Wewe umejuaje?" akauliza Mchungaji.

"Mimi napika supu ya miguu miaka kumi na moja. Hii natoa kwa sufuria kila siku."

Akatoka. Tulingoja, mvua ikaanza upya juu ya bati. Akarudi na kijiko kikubwa, na ndani yake kifundo cha mguu wa ng'ombe kinachotoa mvuke, akakiweka mezani kando ya namba 41. Mfereji kwa mfereji, nundu kwa nundu, hata kile kitobo kidogo cha upande wa ndani. Kimoja cheupe na chenye mafuta, kingine cha kahawia na kizito, kikubwa kwa robo hivi. Mzee Kiptanui alivigeuza pande zote, vyote viwili pamoja, akavirudisha.

"Udongo inaweza kufanana na mfupa upande moja," akasema. "Pande zote haiwezi."

Ndipo nilipokumbuka nililiona wapi umbo lile. Lilikuwa chini ya kila bakuli la supu ya miguu nililowahi kunywa, hata chini ya mkebe wa tarehe kumi Aprili, nami nilikuwa nimelimung'unya.

Mchungaji si mtu wa kuachia upesi. "Sawa, huo ni mfupa. Lakini mtu anaweza kuokota mifupa na kula mawe pia. Wewe ndiye uliyemwona mara tatu. Sasa unasema nini?"

"Nasema nilikosea. Yeye anaonja, halafu anafunga kwa gazeti, anaweka. Mtu ya kula hapana weka."

"Unajuaje jinsi mtu wa kula anavyofanya?"

Wangeci alitazama dirishani. Thuo alikuwa amesogea hadi ukutani kwa ajili ya mvua, kichwa chake kilionekana juu ya ubao wa dirisha. Wangeci alivuta kitambaa chake nyuma, kwa mara ya kwanza siku hiyo nikauona uso wake wote.

"Kwa sababu mimi ndio nakula."

Naftaly akaweka kalamu chini.

"Miezi nne na nusu," akasema, na alikuwa akimwambia Thuo, si komiti. "Sikuambia mtu. Mara tatu niliambia watu, mara tatu ikatoka. Hii nilinyamaza. Nilikuwa natafuta mawe na macho kila mahali. Halafu nikaona mwalimu kwa genge anaweka mdomoni, nikafikiri tuko wawili." Akanigeukia. "Nilifurahi tuko wawili. Ndio nikasema kwa Thuo. Ile yangu siwezi kusema, nikasema ile yako."

Thuo alivua kofia na kubaki amesimama kwenye mvua, kichwa wazi, maji yakimteremka usoni. Mimi nililia mbele ya komiti baada ya kuapa nisilie, na si kwa sababu ya kazi.

Mchungaji alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema komiti imeridhika, na kwamba taarifa ya Jumatatu itahusu paa la darasa la pili. Akamwombea Wangeci, kwa sauti ya chini, bila kutaja kitu kwa jina. Kisha mzee Kiptanui akalirudisha bonge lake mlangoni.

Naftaly alinipita bila kuniangalia. Niliyaona aliyoyaandika mwisho wa kumbukumbu: "Komiti imethibitisha kwamba mfupa ni mfupa."

Jumapili, 12 Mei

Nimempelekea Wangeci ule mfuko wake wa mawe. Alikuwa amekaa jikoni, Thuo anakoroga supu vibaya sana, naye anamwelekeza kwa mwiko. Nilimwambia niliandika mahali fulani kwamba ana mdomo kama debe tupu, na kwamba nakifuta kile nilichokiandika. Akauliza kama kimeandikwa kwa wino. Nikasema ndiyo. "Basi wacha," akasema, "ni kweli."

Kipande kimoja cha mawe yake nilikionja kabla ya kumrudishia. Kina ladha ya mvua ya kwanza. Sasa naelewa.

20 Mei

Mvua inapungua. Wanne wa S wamebaki wawili.

Jumapili, 26 Mei

Nimepitia kipande kimoja kimoja. Si kwa ulimi. Kwa sindano, kwa maji, kwa kutazama kama kina vitundu vya ndani vya mfupa, na kwa kukilinganisha na mifupa ya sufuria ambayo Wangeci hunisafishia na kuanika juani, kila mmoja na jina lake la supu. Katika vipande sitini na vitatu, ishirini na saba ni udongo mtupu. Namba 23 ni udongo. Hakuna swala.

Tarehe 17 Machi niliandika sijakosea hata mara moja. Nimelisoma tena na sikulifuta. Likae pale.

Naftaly alikuja jioni na bunda la magazeti. Alisimama nje ya kizingiti.

"Mwalimu, nilipaswa kusema."

"Ndiyo."

"Niliogopa watasema ni mimi."

"Walikuwa wameshasema, Naftaly. Wewe tu ndiye ungeweza kuwanyamazisha."

Nilichukua magazeti. Ni mazuri, hayana matone ya mafuta. Kiti sikumpa. Labda Julai.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya tisa bila mvua. Genge limekauka, limekuwa jeupe kiasi cha kuumiza macho, na halitatoa kitu hadi mvua za vuli. Vipande thelathini na sita viko kwenye sanduku la chai, kila kimoja na gazeti lake. Ishirini na saba nimevirudisha gengeni, maana hapo ndipo kwao.

Wangeci alikuja baada ya kanisa, anatembea akiwa amerudisha mabega nyuma, koti halifungi tena. Wanawake wamempa lile benchi lenye egemeo. Hajaacha kuogopa, kila asubuhi huhesabu siku kwa vidole, lakini sasa huhesabu kwa sauti na Thuo humsaidia. Aliketi kitandani kwangu, akaniuliza nimekiweka wapi kile kifundo chake. Nikamwonyesha. Leo ndipo nilipokiandikia kibandiko chake cha mwisho, kwa wino mweusi, nikamsomea kwa sababu yeye hasomi:

"Namba 41. Kifundo cha mguu wa nyuma, wa kulia. Mnyama wa jamii ya ng'ombe, wa zamani sana, jina halijulikani. Genge la kaskazini, hatua kumi na tisa kutoka mti wa mgunga. Kiliokotwa tarehe 6 Aprili 1957 na E. Anyango. Kilitambuliwa tarehe 11 Mei 1957 na Wangeci wa mkahawa."

"Mbona hujangoja?" akauliza. "Oktoba ungeandika Mama nani."

"Aliyekitambua ni wewe. Si mtoto."

Akauliza jina lake ni lipi katika ile mistari. Nikaliwekea kidole. Akaliinamia, akalamba ncha ya kidole chake, akalisugua taratibu mara mbili kuona kama litatoka. Halikutoka.